Dakika Nne za Anjuara

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Desemba mwaka 2021, saa tatu asubuhi. Ukiwauliza watu wa kinu cha mpunga cha Haji Mokbul watakutajia siku nyingine, ile Ijumaa ya Agosti iliyofuata, Anjuara alipoanguka kando ya tanuri akafa kabla hajafikishwa barabarani. Hawajui wanachosema. Ijumaa ile mambo yalikuwa yameshaharibika zamani, kilichobaki kilikuwa kifo tu, na kifo hakina haraka na maskini kwa sababu kinajua hana pa kukimbilia. Tomser Ali, mumewe, anaijua siku yenyewe. Ni Jumanne ile Anjuara alipofungwa kidude mkononi.

Kidude kilikuwa kama saa isiyo na uso. Ukanda mweusi, kijisanduku kidogo kama kipande cha sabuni inayokaribia kwisha, na taa ya kijani iliyokonyeza mara mojamoja. Kililetwa na Dada Parul wa kituo cha utafiti wa afya cha Dinajpur, mwanamke mnene asiyetengana na mwavuli wake. Aliwapanga wanawake sitini na watatu wa kinu kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, akawafunga mmoja mmoja kama kuku wanaotiwa alama kabla ya kupelekwa sokoni. Akaeleza kwamba kidude kinajua mtu akilala, akikaa, akitembea, na kina kitu ndani kinachohisi joto na moshi, kwa hiyo kinajua pia mtu akiwa motoni. Wakivae siku saba, usiku na mchana. Baadaye wataalamu watajua siku ya mwanamke wa kinu imegawanyika vipi, na ni fungu gani la siku hiyo linalomuua.

Hadi hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulikuja Dada Parul alipofungua mwavuli wake akaondoka, na Bozlu mnyapara akapanda juu ya gunia. Bozlu alisema bei ya kidude kimoja ni elfu arobaini kwa taka, fedha ya nchi hiyo. Maji yakikiingia, mvuke ukikichemsha, moto ukikiyeyusha, aliyekivaa atakilipa kwa ujira wake mpaka wajukuu wake waote mvi. Mwanamke wa tanuri alikuwa akipata taka mia mbili na kumi kwa siku. Hesabu hiyo haikuhitaji mtu aliyekwenda shule.

Kazi ya tanuri anaijua aliyeifanya. Mpunga uliolowekwa hupakiwa kwenye mapipa ya chuma, maji huchemka chini yake, na chini ya maji makapi ya mpunga huungua kwa moshi mzito wenye chembechembe. Wanawake huwasha saa nane usiku ili ikifika saa moja asubuhi mpunga wote uwe umeshamwagwa uwanjani unasubiri jua. Masaa matano mtu anachochea makapi, uso wake umo ndani ya moshi, mvuke unamchoma mabega. Paa la bati liko chini kiasi cha kuligusa kwa mkono, na bomba la moshi linaishia chini ya paa hilohilo, kwa sababu Haji Mokbul aliona bomba refu ni anasa.

Sasa mwanamke mwenye mali ya taka elfu arobaini mkononi atafanya nini ikifika saa nane? Atakivua. Wote wa tanuri walivivua. Kwenye nguzo ya mlango wa tanuri la Anjuara kulikuwa na msumari, na usiku wa kwanza kidude kilitundikwa pale, wa pili pale, mpaka wa saba. Asubuhi, akishajikosha masizi, alikivaa tena. Dada Parul alipokuja kuvikusanya alivikuta visafi kama vilivyotoka dukani, akawasifu kwa utunzaji.

Aliyeugongomea msumari ule alikuwa Tomser. Na aliyesema “kivue huko, usije ukatutia hasara” alikuwa Tomser. Hilo alilitia mfukoni akakaa nalo.

Anjuara alikufa akiwa na miaka arobaini na moja. Baada ya arobaini yake, Golapi, mjane wa tanuri la tatu, mwanamke mwenye ulimi kama wembe, aliwaongoza wenzake mpaka ofisini kwa mkuu wa tarafa. Waliomba mawili tu: bomba la moshi lipite juu ya paa, na mwenye mimba asiwekwe tanurini. Mkuu wa tarafa, bwana aliyenyoa vizuri na kunukia vizuri, aliwasikiliza huku akisaini karatasi za watu wengine. Akawaambia serikali haiendeshwi kwa machozi. Wataalamu wamepima, ripoti inakuja, na leseni ya kinu inakwisha Machi. Hataigusa leseni hiyo kabla ya kuiona ripoti. Ripoti ikisema moto unaua, Haji atajenga bomba apende asipende.

Nafasi ya Anjuara tanurini aliichukua binti yake, Lipi, aliyehamishwa kutoka tanuri jingine na ambaye naye alifungwa kidude Jumanne ile, mwanamke wa miaka ishirini na miwili ambaye mumewe alikwenda Dhaka kushona nguo kiwandani na tangu hapo akawa anatuma salamu tu. Lipi alikuwa mjamzito. Kufika Machi mimba ilikuwa ya miezi saba, na alikuwa ameanza kukohoa kikohozi kilekile cha mama yake, kikavu, cha kukwaruza, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Tomser alikisikia kupitia ukuta wa bati akageukia upande wa pili. Hakuwa na kitu cha kumpa. Mgongo wake uliishia kwenye magunia ya Haji, sasa alikuwa akisukuma toroli la magurudumu matatu kubeba mizigo ya watu. Tumaini lake lote lilikuwa kwenye ripoti, na lilikuwa tumaini la mtu mwenye hasira. Alitaka iandikwe, kwa mkono wa waliosoma, kwamba moto wa Haji ulimuua mkewe. Na alitaka Lipi atoke pale kabla hajazaa.

Ripoti ikaja Jumapili, tarehe kumi na mbili Machi.

Ililetwa na gari jeupe. Daktari Mahfuza, mkuu wa utafiti wote, alishuka akiwa amevaa sari ya rangi ya majivu, isiyoshika vumbi kwa namna ambayo Tomser hakuielewa, maana uwanja mzima ulikuwa vumbi. Wakatandika shuka nyeupe ukutani, wakawasha mashine, ikatokea picha ya duara kama mkate wa kusukuma uliokatwa vipande. Daktari akaonyesha kwa kijiti. Hii ndiyo siku ya mwanamke wa kinu. Kipande cha buluu ni usingizi, masaa manane na robo. Cha njano ni kukaa kitako, masaa matano kasoro kidogo. Cha kijani ni kutembea na kazi za kawaida, masaa kumi na robo tatu. Na pale katikati ya buluu na kijani kulikuwa na mstari mwekundu mwembamba kama uzi. Huo ulikuwa moto. Dakika nne kwa siku.

Wanawake walitazamana. Kwanza walidhani hawakusikia.

“Dakika nne?” Golapi akasema. “Mimi nikienda kukojoa tu ni dakika nne.”

Uwanja mzima ukacheka, lakini kicheko kile kilikuwa na meno. Daktari Mahfuza alisubiri kiishe, kwa upole wa mtu anayesubiri ng'ombe wavuke barabara. Akasema anaelewa kwamba kazi inachosha, na mtu aliyechoka huona muda mrefu. Mashine haichoki wala haina upendeleo. Kisha akatoa jambo ambalo alionekana kulifurahia. Wanawake wenye vifua vibovu na mioyo dhaifu, alisema, ndio waliokutwa wanakaa kitako kuliko wenzao. Kwa hiyo aliwashauri wasikae sana. Kila nusu saa wainuke, watembeetembee.

Golapi akamuuliza watembee wakiwa wamebeba nini, kwa sababu gunia la kilo hamsini bila shaka halitoshi. Dada Parul akamwambia ashike adabu.

Haji Mokbul aliagiza chai na vitamu vya maziwa kwa wageni. Akatafuna tambuu yake taratibu, akamtafuta Tomser kwa macho katikati ya watu, akampata.

“Umesikia, Tomser? Masaa manane na robo. Mimi mwenye kinu silali hivyo. Marehemu alikuwa anastarehe, Mungu amrehemu, na wewe ulikuwa unatusumbua bure.”

Tomser alishika toroli lake kwa mikono miwili. Angeliachia, mikono ingekwenda kwingine. Lipi alikuwa amesimama pembeni, mkono mmoja kiunoni, akitazama uzi ule mwekundu ukutani kana kwamba ni jina lake limeandikwa vibaya.

Kikao cha leseni kilikuwa Alhamisi. Jumatatu alfajiri Tomser alikula wali uliolala kwenye maji, pilipili mbichi moja na kitunguu, akapanda basi kwenda mjini.

Kwenye lango la kituo cha utafiti mlinzi alimuuliza ana miadi. Akasema ana mke aliyekufa. Mlinzi akajibu kwamba hiyo si miadi, na akamwelekeza kwenye benchi la jua. Alikaa pale mpaka adhuhuri. Kila aliyeuliziwa hayupo, na aliyeonekana kwa macho anapita, naye hayupo. Alipopita Dada Parul na kumwona, ghafla simu yake ikawa na jambo la maana sana la kusoma. Tomser akainuka akamfuata nyumanyuma, mlinzi akiwa ameinamia redio, wakapanda ngazi, wakaingia chumba chenye baridi kama ya kuhifadhi samaki.

Humo alikuwamo mtu mmoja wa makamo, mwembamba, mwenye miwani, anakula bisi za mchele zilizochanganywa na pilipili kutoka kwenye karatasi ya gazeti huku akitazama kompyuta. Jina lake Rezwan. Kazi yake ilikuwa kuilisha kompyuta namba za vidude na kupokea inachotapika. Dada Parul alijaribu kueleza, kisha akaona heri akatafute chai.

“Mzee, hapa haparuhusiwi,” Rezwan akasema, bila kuacha kutafuna.

Tomser akasema anajua. Kwake mahali pote haparuhusiwi, ameshazoea. Anataka kumwona mkewe ndani ya mashine. Rezwan akamwambia humo hamna watu, mna namba. Basi, namba mia tatu na kumi na saba, Tomser akajibu. Shule alisoma madarasa mawili, lakini amehesabu magunia miaka ishirini na mitano, na namba iliyokuwa kwenye ukanda wa Anjuara hakuisahau.

Labda Rezwan alidhani hiyo ndiyo njia fupi ya kumwondoa. Akabonyeza, akageuza kioo. Tatu moja saba. Mwanamke, arobaini na moja. Usingizi, masaa manane na robo. Kukaa, matano kasoro kidogo. Kutembea, kumi na robo tatu. Moto, dakika nne.

“Nani kakuambia dakika nne? Kidude?”

“Hapana,” Rezwan alisema. “Kidude kilisema sifuri. Dakika nne imetiwa na programu.”

Na hapo mtu yule akachangamka, kama mtu wa ufundi anavyochangamka ukimuuliza habari ya nyundo yake. Alieleza kwamba siku ni masaa ishirini na manne, haizidi wala haipungui, kwa hiyo ukiongeza fungu moja lazima jingine lipungue. Programu za zamani hazikulielewa hilo, zilipima kila fungu kivyake kana kwamba hayajuani. Hii inayalinganisha: moto ni mara ngapi ya usingizi, usingizi ni mara ngapi ya kukaa. Sasa huwezi kuuliza usingizi ni mara ngapi ya sifuri. Programu inakwama. Kwa hiyo penye sifuri inawekwa chembe ndogo ili kazi iende. Kidude kinapima kwa vipande vya dakika sita. Chembe hiyo ni theluthi mbili ya kipande kimoja, yaani dakika nne. Wote walikuwa na sifuri, wote wamepewa nne. Ndivyo vitabu vinavyoelekeza, dunia nzima wanafanya hivyo.

“Mmempa sadaka,” Tomser alisema. “Na yale masaa matano ya msumarini yako wapi?”

“Msumari gani?”

Tomser akamweleza. Bozlu juu ya gunia, taka elfu arobaini, nguzo, saa nane mpaka saa moja, usiku saba. Rezwan aliacha kutafuna. Akafungua ukurasa mwingine, milima na mabonde ya rangi, na kila penye saa nane usiku mpaka saa moja asubuhi palikuwa peupe. Akafungua wa mwanamke mwingine. Peupe. Na mwingine. Akasema kwa sauti ya chini kwamba walidhani wanawake wanavua kidude ili walale vizuri. Penye weupe programu huwa inakata, kisha inavuta yaliyobaki mpaka yajaze masaa ishirini na manne.

“Inavuta,” Tomser akarudia.

“Kwa uwiano.”

“Sikiliza, bwana. Bozlu akiiba mpunga kwenye shehena, huyamwagia maji magunia yaliyobaki yavimbe, mzani useme yametimia. Kazi yenu ni hiyohiyo. Mmekata masaa matano ya moto, mkaulowesha usingizi wake mpaka siku ikatimia. Mke wangu alikuwa analala masaa sita na nusu. Mimi ndiye niliyekuwa kando yake.”

Rezwan alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Kisha akasema jambo ambalo bila shaka hakutaka kulisema mbele ya mtu wa toroli. Aliyekaa motoni muda mrefu zaidi ndiye aliyekatwa zaidi, na aliyekatwa zaidi ndiye aliyevutwa zaidi. Kwa hiyo mwanamke aliyechomwa kuliko wote ndiye anayetokea kwenye kompyuta amekaa kitako kuliko wote. Akaongeza kwamba hilo si kosa lake, yeye hupokea alicholetewa.

“Hapa hamna mwenye kosa,” Tomser alisema. “Nimeshaona. Kosa linakuja lenyewe kwa miguu.”

Daktari Mahfuza aliwakuta hivyo. Alisikiliza maelezo ya Rezwan akiwa amesimama, bila kubadilika uso, kisha akamgeukia Tomser na kumpa pole ya msiba uliokuwa na miezi saba. Akauliza ni nani aliyewaambia wanawake wavue.

Tomser angeweza kusema Bozlu. Lilikuwa limemfika mdomoni. Lakini Bozlu alikuwa ametaja hasara tu, hakutaja msumari, na mtu wa Haji angeapa kwa kitabu mchana kweupe. Daktari angeondoka na neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine, na Alhamisi ingefika. Lipi alikuwa na siku tatu.

“Wangu nilimwambia mimi,” akasema. “Na msumari niliugongomea mimi. Wengine waulize wenyewe.”

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema kanuni za utafiti ziko wazi: aliyekiuka maelekezo ya kuvaa kidude hahesabiwi. Akamwagiza Rezwan amtoe tatu moja saba. Rezwan akabonyeza, na mstari wa Anjuara ukageuka kijivu kisha mistari ya chini ikapanda kuziba nafasi. Tomser, aliyemshusha kaburini kwa mikono yake, alitazama bila kupepesa.

Akauliza moto wake sasa unaandikwa wapi. Daktari akajibu hauandikwi popote, mama huyo hayumo tena kwenye utafiti. Na ripoti inasemaje? Inasema ilivyosema jana.

“Basi watoe wote,” Tomser akasema. “Hakuna wa tanuri aliyekivaa motoni. Hata mmoja.”

Lete uthibitisho, Daktari akamwambia, na akaangalia saa yake, ambayo ilikuwa na uso.

Jumanne jioni, uwanjani, wanawake wakikusanya mpunga uliokauka, Tomser alisema yote, na msumari akausema, akaonyesha karatasi aliyoandikiwa mjini, ya kuthibitisha kwamba kidude hakikuvaliwa motoni. Bozlu alikuwa akizunguka akitangaza kwamba atakayetia dole gumba kwenye karatasi amekiri mwenyewe kwamba aliidanganya serikali, na kinu hakifugi waongo. Golapi alisimama na fagio lake mkononi akamtazama Tomser juu mpaka chini.

“Shemeji, kumbe msumari ni wa kwako. Na mimi miezi yote hii namlaani Bozlu peke yake. Itabidi nigawanye.”

Hakumtetea Tomser, wala hakujitetea mwenyewe. Lakini akawageukia wenzake, akawaambia yeye kufukuzwa kazi hakumuumi kama kuambiwa hadharani kwamba amekaa kitako. Mama yake alikufa amesimama. Akatia dole gumba la kwanza. Kufika magharibi yalikuwa hamsini na matatu, mekundu kwa wino wa kugongea magunia. Waliobaki walikuwa tisa, wafagiaji wa uwanja, ambao tanurini hawaingii.

Lipi alitia lake miongoni mwa wa mwisho. Alilikandamiza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Baba yake alikuwa ameishika karatasi ile, nusu dhiraa kutoka usoni pake, na Lipi hakumtazama. Nyumbani alimpakulia wali akauweka sakafuni badala ya kumpa mkononi, kisha akaenda kulala, maana saa nane haikuwa mbali. Tomser akakaa na kikohozi cha upande wa pili wa bati. Alitaka kumwambia kwamba alifanya vile kwa kuogopa, kwamba mtu anayelipwa taka mia mbili na kumi akiambiwa elfu arobaini akili yake inahama. Lakini Lipi alikuwa analipwa hizohizo, na hakuhitaji kuelezwa.

Jumatano karatasi ikafika mjini. Rezwan aliwatoa hamsini na watatu, akaiendesha programu na wale tisa. Ilikataa. Ilitoa maandishi mekundu, akayasoma kwa sauti: watu hawatoshi, jibu haliwezi kutolewa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tomser kuisikia mashine ile ikisema kweli, na akamwambia hivyo. Rezwan karibu acheke. Alimwambia, akiangalia mlango, kwamba kuna namna ya kuyachukua masaa yale kama yaliyopotea badala ya kama yasiyokuwapo, na kuwauliza wanawake wenyewe yalikwenda wapi. Ila lazima mkubwa aseme. Mkubwa, yaani Daktari Mahfuza, aliandika barua. Barua ilisema matokeo ya kinu yameondolewa mpaka vipimo vipya vifanyike, pindi fedha zitakapopatikana kutoka nje.

Tomser alirudi na nakala ya barua ile ndani ya shati, karibu na ngozi. Alidhani ameshinda. Mtu asiyesoma hudhani karatasi iliyotoka mikononi mwa adui yake imeingia mikononi mwake.

Alhamisi, ofisini kwa mkuu wa tarafa, feni lilizunguka juu ya vichwa na wanawake walijaa mpaka barazani. Daktari Mahfuza alikaa upande mmoja, Haji Mokbul upande mwingine, kila mmoja na kikombe chake. Mkuu wa tarafa aliisoma barua mara mbili. Haji akauliza, kwa adabu kabisa, kama kuna ripoti yoyote duniani inayosema moto wa kinu chake unaua. Mkuu akasema kwa sasa haipo. Akaongeza kwamba haipo pia inayosema hauui. Na pasipokuwa na ripoti, mambo huendelea yalivyo. Angetoa leseni ya muda, mwaka mmoja, akisubiri vipimo.

Tomser akasema vipimo viko barazani, vimesimama hamsini na vitatu, waulizwe. Masaa matano kila siku.

“Hayo ni masaa ya mdomo, mzee,” mkuu wa tarafa akamjibu. “Nyie wenyewe mmekuja na madole gumba kuniambia mliidanganya mashine. Sasa mnataka niwaamini nyie?”

Golapi akacheka kwa pua. Haji akatoa kalamu yake mwenyewe mfukoni, ya dhahabu dhahabu, akamsogezea mkuu.

Ndipo Lipi alipopita katikati ya watu, tumbo mbele, wakampisha. Alisimama mbele ya meza. Hakumtazama Haji wala baba yake. Alimtazama mwenye kalamu, kisha mwenye sari ya majivu. Kikohozi kilimkamata, wote wakangoja kiishe, hata feni lilionekana linangoja. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza njia.

“Bwana Mkuu, tanuri langu linawashwa leo saa nane usiku. Huyu Daktari anasema hajui moto unafanya nini, na wewe unasema mpaka ajue. Sawa, mimi sibishi. Lakini mmoja wenu aniambie, kwa kinywa chake: leo niende, au nisiende?”